Kikapu cha Bibi Araksi

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, mkae karibu. Leo simzungumzii mtu mashuhuri. Namzungumzia Bibi Araksi Terzian wa ghorofa ya nne, hapa hapa mtaani kwetu Burj Hammud. Bibi Araksi amefariki. Tumemzika Jumamosi, na moyo bado unaniuma.

Wengi wenu mlimjua kwa sauti yake na kwa kikapu chake. Magoti yalimkataa zamani, na lifti ya jengo lao ni ya kutazama tu, maana umeme ukija, haukai. Kwa miaka mingi hakukanyaga barabara. Alishusha kikapu kwa kamba, Vahe mwenye duka akatia mkate na vitunguu, yeye akavuta. Akipewa nyanya mbovu, mtaa mzima ulijua.

"Vahe! Hizi umezichuma makaburini?"

Ng'ambo ya barabara, ghorofa ya nne vilevile, alikuwepo Zenebech, binti wa Kiethiopia, mtumishi wa ndani. Mwezi wa nane matajiri wake walipanda milimani kukimbia joto. Walimfungia ndani alinde nyumba. Narudia, wapendwa: walimfungia kwa ufunguo, na simu yake wakaondoka nayo. Chakula kikaisha, wao hawajarudi.

Siku moja Bibi Araksi alimwona kwenye roshani, ameinua sufuria, ameigeuza juu chini. Tupu. Barabara yetu ni nyembamba, lakini mkono haufiki.

"Shusha kitu chochote!" alimwambia kwa Kiarabu.

Zenebech akachana shuka, akaunga kamba, akafunga ndoo. Tangu siku ile, kila mchana, kikapu kilishuka upande huu na chakula, ndoo ikashuka upande ule. Lakini kikapu hakivuki barabara chenyewe. Lazima mpita njia asimame, atoe huku, atie kule. Wengine walisimama. Wengine walikumbuka ghafla kwamba wana haraka.

"Wewe mwenye suti!" Bibi alipiga kelele. "Hiyo mikono yako ni ya pambo?"

Vahe alikwenda kushtaki polisi. Akaambiwa wenye nyumba wakirudi wataulizwa. Wakirudi!

Sirvart, binti wa marehemu, aliniambia hivi: "Nilimsihi anyamaze. Nikasema, mama, hayo ni mambo ya nyumba za watu, utatutia matatani. Akanijibu, bibi yako alifika mji huu kwa miguu, akikimbia mauaji, yatima, hana hata kiatu. Waliompa mkate hawakuuliza ni wa nyumba gani."

Alhamisi ndoo haikushuka. Kikapu kilining'inia na supu yake mpaka ikapoa. Bibi Araksi aliita. Akaita tena. Kimya. Basi akavaa viatu. Mama yule, wapendwa, alishika ukuta akashuka ghorofa nne zile, ngazi kwa ngazi, kwenye giza, peke yake.

Vahe anasema alidhani ameona mzuka. "Nikamwambia, Bibi, kaa kwanza, tumsubiri mwenye nyumba. Akaniambia, msubiri wewe. Mimi nipe nyundo."

Hawakumpa nyundo. Aibu iliwashika, wakapanda wenyewe, yeye Vahe na wanaume wengine, wakavunja mlango. Zenebech alikuwa sakafuni jikoni, homa inamchoma, hawezi kuinuka. Bibi Araksi alibaki chini, kwenye kiti cha plastiki cha dukani, rangi imemtoka. Vahe alipotokeza mlangoni pa jengo, Bibi alimuuliza:

"Anapumua?"

"Anapumua, Bibi."

"Basi mpeni supu. Nyama msimpe leo."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Kichwa kikainama. Moyo wake ulisimama pale pale, kwenye barabara ambayo miaka yote hiyo aliitazama kutoka juu tu.

Zenebech sasa anaweza kusimama. Anakaa kwa Sirvart. Makaburini alilia kutuzidi sote. "Kila siku alikuwa akinigombeza," aliniambia. "Kula yote, nakuona! Katika mji huu, nani mwingine alikuwa akiniona?"

Sirvart, na ukoo wote wa Terzian, poleni. Poleni sana. Zenebech, nawe pole, maana umefiwa kama wao. Mungu aitie nuru roho ya mama yetu.

Nanyi wapendwa, msizime redio kwanza. Leo asubuhi, nikija kazini, nimeona ndoo nyingine. Ya kijani. Inaning'inia mtaa wa nyuma, na kuna mtu juu anaitikisa kamba. Nilitia mkate, sikuwa na kingine. Nikitoka hapa studio nitapita dukani kwa Vahe, kisha nakwenda kuugonga mlango ule.

Bibi Araksi alishuka peke yake. Mimi sitaki kwenda peke yangu.