Harufu ya Esansi Mikononi Mwangu

Ndugu zangu, bamama na batata, mbele sijaanza, munisamehe juu ya jenereta. Ni mimi niliyeomba izimwe, na njo maana mukuu wa kwaya ananiangalia vibaya, kinanda chake hakilii leo. Mukisha kunisikia mutajua sikufanya kwa kiburi. Ao kiburi ninacho, lakini hiki si chenyewe.

Munanijua. Nilikuwa kapiteni wa ule bwato wa kijani uliokuwa unapeleka batu na samaki kati ya hapa Nchelenge na Kilwa yetu ya Congo, ng'ambo ya ziwa. Miaka kumi na moja nilishika moteri. Nilijivuna, we! Bwato ukikaribia pwani nilikuwa nasimama juu ya kiti, mikono kiunoni, banamuke bote baone nani amefika.

Sasa mutu wa moteri ana kazi moja musiyoiona. Esansi, ile hapa Zambia munaita petroli, inakaa mu pipa kubwa. Ili ishuke mu bido, lile dumu la moteri, tunaingiza mpira, tunavuta kwa kinywa, tunatema, tunaiacha imwagike yenyewe. Kila kapiteni wa ziwa hili ameshaimeza. Tunasukutua na maji ya ziwa, tunacheka, safari inaendelea. Hakuna mutu aliyetuambia ni sumu. Na angetuambia, mimi wa kwanza ningemucheka.

Mwaka jana vita iliporudi kwetu, mama yangu alikuwa mbali, upande wa Moba. Akafa. Habari ilinifikia kwa muchuuzi mumoja wa samaki, majuma matano nyuma ya maziko. Barabara zilikuwa zimefungwa, baaskari kila pahali. Mimi muzaliwa wake wa kwanza sikutupa hata kiganja cha udongo mu kaburi lake. Sikulia. Nilifikiri mwanaume wa moteri halii.

Asubuhi moja nikawa najaza bido, nimeinama. Harufu ikanipanda kichwani, na sikuinua uso. Nikaivuta. Nikaivuta tena. Ziwa likanyamaza. Sitaki kuisifu ile kitu, ndugu zangu, lakini nikidanganya hapa itanisaidia nini? Maji yalikuwa meupe, mawingu yameshuka kukaa juu yake, hakuna upepo, hakuna sauti ya ndege, na mama yangu ameketi pale juu ya maji, miguu ameinyoosha, anachagua samaki wadogo mu ungo. Kitambaa chake cha bluu kichwani. Kidole chake kidogo, kile kilichopinda, nilikiona kabisa. Aliniangalia, na mimi nilikuwa mutoto tena.

Kesho yake nikarudi. Na kesho kutwa. Kisha mama akaanza kuchelewa, ikabidi nivute sana. Siku zingine hakuja kabisa, na nilivuta tu, juu nisipovuta mikono inatetemeka na kila mutu ananiudhi. Bibi yangu akiuliza, "Baba ya batoto, mbona unanuka hivi?" namujibu, "Uliolewa na kapiteni ao na mwalimu?" Kinywa changu hakikosagi jibu.

Niko na binti wa miaka kumi, muzaliwa wangu wa kwanza. Ana jina la mama yangu, na kwa desturi yetu mutoto wa namna hiyo simuiti kwa jina. Namuita Mama. Mama, umekula? Mama, niletee maji. Siku moja, muchana kweupe, tulitoka naye Kilwa pamoja na bamama kumi ba samaki. Katikati ya ziwa nikazima moteri, nikasema nakagua bido. Nikainama. Na mama yangu, ambaye sikumuona siku mingi, akaja akaketi juu ya maji, karibu, karibu sana, akanisogezea nafasi pembeni yake. Nikasimama, nikaenda kwake. Nilikanyaga nje ya bwato.

Niliyemusikia ni mutoto. "Tata! Tata!" Alikuwa amekamata shati yangu kwa mikono miwili, yeye mwenyewe nusu nje, bamama bamemushika miguu. Balinivuta ndani kwa mukaba wa suruali. Mama mumoja akanipiga kofi ambalo nalisikia hata sasa, na lilinistahili.

Pale pwani binti alishuka bila kuniangalia. Akamuambia mama yake, "Siingii tena mu bwato wa tata." Neno moja tu. Juma lile bibi yangu akafunga vitu, akapeleka batoto kwa dada yake, kule Kafutuma, kisha akarudi kunishika mukono mpaka hospitali.

Kulikuwa dokotere mwanamuke, kijana, ametoka Lusaka. Nilingoja aniambie habari ya dhambi, hiyo naijua. Yeye akaniuliza kama niko na kitabu cha nyimbo. Nikasema ndiyo, mimi naimba sauti ya chini. Akasema, "Basi utanielewa. Mwili wako ni chembe ndogo ndogo, hata punje ya unga ni kubwa kwake. Karibu kila chembe iko na kitabu kilekile, ulichopewa na bazazi. Chembe za ini zinaimba nyimbo zake, za ubongo zinaimba zake, na nyimbo zingine zinabaki zimefungwa. Dawa ya kulevya haifuti maneno ya kitabu. Inabadilisha namba zinazoitwa. Inafungua wimbo uliofungwa, inanyamazisha ule uliokuwa unaimbwa kila siku. Ukizidi kuvuta, ubongo unazoea wimbo mumoja tu. Na ukiacha leo, kuna kurasa zinabaki wazi majuma mengi, pengine myezi."

Nikauliza, "Una hakika?"

"Bamechunguza ubongo wa panya waliopewa dawa za kulevya. Petroli haijachunguzwa sana. Lakini wewe nakuona kwa macho yangu."

Nilimupenda kwa vile hakujifanya anajua yote. Aliposema nikae mbali na harufu, njo nilimucheka. "Dokotere, mimi ni kapiteni! Utamuambia mufinyanzi akae mbali na udongo?"

Bon. Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, serikali inafunga ziwa, hakuna kuvua mpaka mwezi wa tatu ili samaki wazae. Bwato haukuwa na mizigo. Nikaenda Kafutuma kulima mihogo na shemeji, bwana wa dada huyo. Mwezi wangu wa kwanza mu shamba nilikuwa mubaya, nilitupa jembe, nilitukana mihogo. Wa pili usingizi ukarudi, chakula kikawa na ladha. Wa tatu ukiisha nikasema, mimi nimepona. Hilo njo kosa letu sisi batu ba ziwa. Tunafikiri kitu kikifungwa myezi mitatu kinafunguliwa kikiwa kipya.

Siku ya kufungua ziwa pwani ilijaa. Binti alikuja na mama yake, kifurushi kichwani, viatu mukononi. Amevua viatu! Alikuja kupanda, na sikumuomba. Moyo wangu ulifurahi mpaka nikaogopa. Nikasema, ngoja nijaze bido kwanza. Nikaingiza mpira kinywani sawa kila kapiteni. Esansi ikagusa ulimi. Ndugu zangu, nabaambia, mimi sikuamua kitu, mikono iliamua. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limesogea, na yeye amesimama palepale. Hakulia. Akavaa viatu vyake, kimoja, kingine, akapanda kilima.

Nilikimbia kwa dokotere nikilia, mara ya kwanza tangu mama afe. Nipe sindano, nipe kitu! Akasema sindano ya hiyo hana. "Ule ukurasa ungali wazi. Harufu inapofika, kwaya inasimama. Hiyo haionyeshi kwamba humupendi mutoto." Hapo nikamuambia neno ambalo hata bibi yangu hakulijua. Dokotere, nikiacha, mama yangu hatakuja tena.

Akaweka kalamu chini. Kisha akaniuliza, "Kile kitabu, nusu yake nani alikupa? Si mama yako? Kimo ndani yako toka kichwa mpaka kucha. Na huyu mutoto unayemuita Mama, sehemu ya kitabu hicho iko kwake. Sasa mu bido unamutafuta nani?"

Mimi, mutu wa majibu! Nilikaa juu ya benchi nikaangalia mikono yangu. Kidole changu kidogo kimepinda. Kimepinda toka nizaliwe, na sikuwahi kukiangalia. Nikakumbuka kidole cha binti. Kimepinda vilevile.

Moteri nilimupa shemeji. Nilichonga nkafi mbili, makasia haya ya mukono, na mutumbwi mudogo, na sasa napeleka batu kandokando ya pwani tu, polepole. Benzangu banapita na moteri banapiga kelele, "Kapiteni wa nkafi!" Nabajibu, yangu haiishiwi esansi katikati ya ziwa. Banapopita nageuza uso, nashika pumzi mpaka upepo usafishe. Siku zingine bado mwili wote unageuka kuifuata ile harufu. Sifichi.

Batoto balirudi nyumbani. Asubuhi moja binti akashuka pwani, akasimama mbali kidogo. Akasema, "Tata, lete mikono." Akainusa yote miwili, ndani na nje. "Fungua kinywa." Nikafungua mbele ya batu bote, mimi niliyekuwa nasimama juu ya kiti. Akanusa. Akapanda, akaketi mbali kabisa na mimi. Toka siku ile kila asubuhi ilikuwa hivyo, na sikukasirika hata mara moja. Dawa yangu ilikuwa hiyo.

Aksanti kwa dokotere yule, amesharudi Lusaka. Aksanti kwa shemeji na mihogo yake niliyoitukana. Aksanti kwa bibi yangu, aliyejua wakati wa kuondoka na wakati wa kurudi. Aksanti kwa mama mwenye kofi, yuko hapa, asimame! Hapana, kaa, mama, utanipiga tena. Na ninyi muliovumilia leo bila kinanda, aksanti.

Mwenye mutu aliyefungwa na kitu, usimuambie hakupendi. Muondolee bido karibu, umusaidie kubadilisha njia ya kazi, na ungoje. Na wewe uliyefungwa, usiende kuipima nguvu yako pale ilipo harufu. Batu banasema mwaka ujao, elfu mbili, dunia itaisha. Mimi sijui. Mimi naomba myezi tu, kurasa zifungwe moja moja.

Leo tulikuja hapa kwa mutumbwi. Nilinyoosha mikono, sawa kila asubuhi. Binti akapita, akapanda, akaketi mbele yangu, magoti yake karibu na yangu. Nikamuambia, "Mama, umesahau kunusa."

Akasema, "Sikusahau."