Casilda Berruezo, Aliyesoma Sheria na Uandishi wa Habari kwa Ajili ya Jina Moja

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo hatukufungua kwa muziki. Familia imeomba hivyo, nasi tumeitikia.

Jumanne iliyopita alifariki Casilda Berruezo Lahoz, mzaliwa wa mji wetu wa Valdoliva. Alikuwa wakili. Alikuwa pia mwandishi wa habari. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Ugonjwa wa damu ulimwanza wakati wa kupogoa mizeituni, na mavuno hakuyaona. Ameacha baba yake, Mzee Eliseo, na dada yake mkubwa, Águeda, yule mwoka mikate wa karibu na kanisa.

Wengi wenu mnaijua sauti yake, maana alikaa kwenye kiti hiki kila alasiri. Wachache wanajua kwa nini alisoma sheria na uandishi wa habari kwa pamoja, shahada mbili kwa mpigo, wakati wenzake waliona moja inatosha kuwavunja mgongo. Leo tutasimulia hilo.

Casilda alikuwa na miaka kumi na sita kinu cha ushirika kilipoungua. Baba yake ndiye aliyekuwa akiendesha mashine za kukamulia mafuta ya zeituni. Wiki ile ile Eliseo na msimamizi wake walikuwa wametukanana mbele ya foleni nzima ya matrekta. Basi moto ulipozimwa, mtu wa kwanza kufuatwa akawa Eliseo. Akawekwa rumande.

Kesho yake gazeti moja la mkoa likatoka na picha yake ukurasa wa mbele. Jina kamili, ukoo wa baba na wa mama. Juu yake, kwa herufi nene: MCHOMA KINU. Halikusema anatuhumiwa. Halikusema anashukiwa. Mchoma kinu, basi.

Mwaka uliofuata kesi ikasikilizwa. Fundi wa umeme aliyeteuliwa na mahakama akaonyesha kwamba moto ulianzia ndani ya mota, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Saa moto ulipoanza, Eliseo mwenyewe alikuwa mji wa pili, kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi. Mahakama ikasema hana hatia. Siku ile gazeti liliandika habari za kandanda na bei ya lozi. Juu ya Eliseo, kimya.

Mji haukumtukana. Afadhali ungemtukana. Akivuta kiti baani acheze karata, mmoja alikumbuka mke anamsubiri, mwingine alikumbuka kondoo. Akiwasha sigara, macho yote yalikwenda kwenye kiberiti. Nao waliomwonea huruma walinong'ona, "Lakini lisemwalo lipo." Eliseo akaacha karata. Akaacha kukanyaga uwanja wa mji. Akitaka mkate, alipita nyuma ya kanisa, kwenye njia ya mbuzi.

Águeda ametusimulia chakula cha jioni kimoja. Dengu mezani, baba kainama juu ya sahani. Casilda akaweka kijiko chini.

"Mahakama imemsafisha baba, na hakuna aliyeandika. Gazeti limemchafua, na hakuna aliyelishtaki. Nitasoma yote mawili."

"Yote mawili?" dada yake akamuuliza. "Wewe, ambaye hata kitanda kimoja hukitandiki?"

"Kitanda hakijamwonea mtu."

Baba alimaliza dengu zake, na Águeda anasema ilikuwa miezi mingi hajamaliza sahani.

Basi Casilda akaenda Valencia. Asubuhi sheria, jengo moja. Alasiri uandishi wa habari, jengo lingine. Katikati, kipande cha mkate chenye tortilla, kimanda cha viazi, akila amesimama kwenye treni ya mjini, vitabu vimebanwa kwapani. Wenzake wa asubuhi walimwita Gazeti. Wale wa alasiri walimwita Wakili. Hakuwa wa huku wala wa kule. Waliosoma huku wakifanya kazi ya kutwa wanaijua hali hiyo ya kuingia darasani mtu wa mwisho na kutoka mtu wa kwanza.

Tena hizi elimu mbili zinagombana, wasikilizaji wapendwa. Habari huanza na mwisho: nini kimetokea, nani, wapi. Sheria huanza na mwanzo, na hukumu huja ikiwa imechoka kwa safari. Katika mtihani wake wa kwanza wa jinai Casilda akajisahau, akaanza jibu kwa hukumu. Profesa akamrudishia karatasi mbele ya darasa.

"Señorita Berruezo, umemfunga mtu kwenye mstari wa kwanza, halafu ndiyo unatafuta kama ana kosa!"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Hayo yalikuwa yamempata baba yake, neno kwa neno.

Alasiri ya siku ile ile, mambo yakageuka. Alipewa aandike habari ya bomba la maji lililopasuka. Akaanza na sheria ya maji, akaja wajibu wa manispaa, akaja tarehe za mikataba. Mwalimu wa habari akasoma, akavua miwani.

"Binti, nimefika aya ya sita na bado sijalowa."

Nyumbani nako alikuja na ugonjwa mpya. Hakusema kitu bila kutanguliza "inadaiwa". Águeda anakumbuka, "Namwekea tortilla, namwambia ina kitunguu. Ananijibu, 'Inadaiwa.' Nikamwambia, kula, Doña Inadaiwa, kabla sijakufungulia kesi."

Ikafika mwaka wa pili. Siku hiyo profesa alifundisha haki ya kusahihishiwa. Mtu akiandikwa vibaya gazetini, ana haki ya kulipelekea gazeti maelezo yake, nalo linalazimika kuyachapisha kwa uzito ule ule. Kama lilimweka mbele, limweke mbele. Casilda akaacha kuandika. Akainua kichwa.

"Na muda wa kuomba?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Siku saba tangu habari ichapishwe," profesa akasema, akaendelea na mada.

Casilda akatoka nje, akampigia baba yake simu akiwa ameegemea ukuta wa korido.

"Baba, ulikuwa na siku saba."

"Za nini, mwanangu?"

"Za kulijibu gazeti. Wangelazimika kuchapisha. Mbele, pale pale."

"Siku saba zile nilikuwa ndani," Eliseo akasema. "Nani angeniambia?"

Usiku huo hakwenda kwenye treni ya mjini. Alipanda basi, akarudi nyumbani. Akamwambia dada yake kwamba anaacha. Alikuwa amekwenda kutafuta ufunguo, sasa ameambiwa mlango ulishajengewa ukuta tangu yeye yuko sekondari. Asome sheria ya nini?

Águeda alikuwa anakanda unga. Hakuinua hata macho.

"Sheria imekufungia mlango?"

"Imefunga."

"Si ulisema unasoma mawili? Hilo lingine nalo limefungwa?"

Casilda akakaa juu ya gunia la unga. Akakaa sana. Asubuhi akapanda basi la kwanza. Toka siku hiyo hakukosa kipindi, asubuhi wala alasiri. Alimaliza shahada zote mbili. Narudia, kwa sababu wapo waliobisha: zote mbili, kwa wakati wake, bila kurudia mwaka.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kwenye lile gazeti, hukumu ya mahakama mkononi. Mhariri alikuwa muungwana. Akamkaribisha kahawa.

"Casilda, hii ni habari ya zamani. Nani ataisoma?"

"Wale wale walioisoma ya kwanza."

Mhariri akatabasamu, akamsindikiza mpaka mlangoni. Ndiyo yakawa majibu.

Kiangazi cha mwaka ule ule Meya wa wakati ule, Anselmo Royo, akabisha hodi nyumbani kwa akina Berruezo. Mnaijua mila yetu. Kila Agosti mji humchagua mtoto wake mmoja aliyeuletea sifa. Huyo ndiye mpiga mbiu. Hupanda roshani ya manispaa, husema na watu, kisha huwasha fataki, na sherehe ya mtakatifu wetu imefunguliwa. Mwaka ule heshima ilimwangukia Casilda, mtu wa kwanza wa Valdoliva kuwa na shahada mbili.

"Sema maneno matamu," Meya akamwambia. "Mtakatifu, zeituni, bibi zetu. Na ufupishe, maana bia inapata moto."

"Nitafupisha," Casilda akasema.

Lakini alikuwa wakili, hakutaka kumvizia mtu. Asubuhi ya sherehe akaenda ofisini kwa Meya, akamwambia wazi kwamba atasoma hukumu ya kesi ya kinu.

Anselmo akashika kichwa. "Mtoto wewe! Hii ni sherehe, si mahakama!"

"Ndiyo sababu yenyewe, Bwana Meya. Mahakamani tulikuwa watu sita. Gazeti lilisomwa na mji mzima."

"Na nikikukatiza?"

"Utakuwa meya wa kwanza kumkatiza mpiga mbiu kabla ya fataki."

Meya akaguna. Mila ni mila.

Kilichobaki ni baba. Casilda akampata shambani.

"Baba, njoo jioni."

"Uwanja ule sina shughuli nao."

"Sikuambii uje mbele. Simama popote."

"Nitakusikia kwa vipaza sauti. Vinafika mpaka huku."

Hakumbembeleza. Akaondoka kwenda kuvaa.

Jioni uwanja ukajaa. Bendi ya matarumbeta imejipanga, watoto juu ya mabega, vikombe mikononi. Casilda akatokea roshanini. Akashika kipaza sauti. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ile asubuhi ya sheria na ile alasiri ya habari zikakutana katika mstari mmoja. Alianza na hukumu, kwa sababu safari hii ushahidi wote ulikuwa umekwisha kusikilizwa.

"Eliseo Berruezo hakuchoma kinu," akasema.

Kisha akaeleza: mota, fundi wa umeme, daktari wa meno, uamuzi wa majaji. Hakutumia neno gumu hata moja. Hakumtaja aliyenong'ona, wala kumlaumu mtu. Hakusema "inadaiwa" hata mara moja. Akamalizia, "Haya yalisemwa mahakamani, nanyi hamkuambiwa. Sasa mmeambiwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mpiga ngoma wa bendi alikuwa ameinua kijiti na hajui akishushe au akiache juu. Meya akamsogezea Casilda fataki na kiberiti, amalize haraka. Casilda akakipokea. Hakukiwasha. Akawa anatazama kona ya duka la dawa.

Pale, nusu yake nyuma ya ukuta, alisimama Eliseo, na nguo za shamba.

"Baba, panda uwashe wewe."

Watu wakageuka. Eliseo akarudi hatua nyuma.

"Mimi?" akasema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. "Mimi na moto tena? Umerukwa na akili, mtoto!"

Mtu mmoja akacheka. Halafu wawili. Halafu, Águeda anasema, mwanamke mmoja akapaza sauti: "Panda, Eliseo!" Na mwingine. Na mwingine. Waliokuwa njiani wakajibana wampishe. Akapita katikati yao, hakupita nyuma ya kanisa. Akapanda ngazi za manispaa, polepole, mkono ukutani.

Meya alishika kijiti cha fataki. Eliseo akawasha kiberiti, kikazimika, akawasha kingine. Akamtazama Meya usoni.

"Ishike vizuri, Anselmo. Isije ikasemwa tena."

Ikaruka. Bendi ikapiga kabla fataki haijalia juu. Usiku ule, kwenye meza za uwanjani, Eliseo alicheza karata na wazee watatu, na alishindwa vibaya mno.

Casilda aliitwa na ofisi kubwa za Madrid. Hakwenda. Alifungua ofisi juu ya duka la dada yake, akawa wakili wa bonde hili asubuhi, na alasiri akawa nasi. Kazi yake hapa redioni ilikuwa moja: kutafuta habari zilizowahi kumtaja mtu kwa ubaya, na kuwaambia ninyi zilivyokwisha. Wengine waliachiwa huru, akasema. Wengine walifungwa kwa haki, akasema pia. Na yeyote aliyeonewa na gazeti alijua pa kwenda kabla siku zake hazijapita.

Tumemzika Alhamisi. Mzee Eliseo ana miaka themanini na mmoja. Alitembea mbele ya jeneza kwa miguu yake, katikati ya uwanja.

Mzee Eliseo, tunajua unasikiliza. Dada Águeda, nawe pia. Poleni sana. Redio hii imempoteza mwenzake, mji umempoteza mtetezi wake, nanyi mmepoteza mtoto na ndugu. Mungu ampokee, na awape nguvu za kuvumilia. Aliondoka nyumbani kwenda kutafuta kitu kimoja, na alikileta.

Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, tukizima redio leo tukae kidogo. Kila mmoja wetu anajua nusu ya habari ya mtu fulani. Jirani, mfanyakazi mwenzake, pengine ndugu. Tulisikia mwanzo, tukausambaza, hatukuuliza mwisho. Tukaulize wiki hii. Na tukikuta kwamba mtu yule hakuwa na kosa, tusimwambie yeye peke yake chemba. Twende tukaseme pale pale tuliposema mara ya kwanza, na kwa sauti ile ile.