Mpigaji Aliyetolewa Mara Tatu Katikati ya Njia

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, binamu wa marehemu, niwasomee safari ya maisha yake, nami nitaisoma kama alivyoieleza dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea, na ambaye, kama mnavyomjua, hata chumvi huionja kwanza kabla ya kukubali kuwa ni chumvi.

Marehemu, tuliyezoea kumwita Fundi, alizaliwa tarehe 9 Mei 1971 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa kitinda mimba, akaanza shule ya msingi mwaka 1978, na huko mwalimu wa hesabu akamtia gongo la kriketi mkononi, na tangu hapo madirisha ya majirani hayakupata amani.

Alipomaliza kidato cha nne mwaka 1989 aliajiriwa kwenye karakana ya kunyoosha bodi za magari, akawa anagonga mabati mchana na mipira jioni, mpaka mashabiki wa klabu wakaapa kwamba huyu atatutoa kimasomaso duniani, na mwezi Machi 1996 akaitwa timu ya taifa.

Huko mambo yakaenda mrama, kwani katika kriketi wapigaji wawili hukimbia pamoja kubadilishana ncha za njia, na asiyefika kabla ya mpira hutolewa, naye katika mechi sita za kimataifa alitolewa mara tatu akiwa anakimbia peke yake katikati ya njia, mwenzake akiwa ameshageuka na kurudi kwenye wiketi, vile vijiti vya mwisho wa njia, na mwenzake huyo mara zote alikuwa nahodha, ambaye pia ni shemeji yetu, maana marehemu alifunga ndoa na dada wa nahodha huyo tarehe 14 Desemba 1996, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 1999 aliachwa kwenye timu ya taifa, na hakuitwa tena.

Dada akajiambia kikulacho ki nguoni mwako, akaamini kwamba nahodha alimwita mdogo wake akimbie makusudi kisha akamtelekeza njiani, ili nafasi yake apewe mtu mwingine, na kwa miaka yote hiyo, kwenye kila shughuli ya familia, kikombe cha chai kilichotoka mkononi mwa shemeji kilipoa bila kuguswa.

Mwezi Agosti 2022 marehemu alilazwa kwa ugonjwa wa figo, na daktari, alipoona anajibu maswali ambayo hakuulizwa, alimpima masikio, akasema yaliharibiwa na kelele za nyundo zamani sana, ndipo marehemu akamweleza dada kwamba nahodha alikuwa akipaza sauti arudi huku akinyoosha mkono kumzuia, ila yeye hakusikia, na mkono ule akaudhani ni wa kumwita, kwa kuwa alizoea mambo ya karakana, ambako kwa makelele yale watu huitana kwa mkono, na kwamba alimsihi shemeji afiche siri hiyo, maana nani angemchagua kiziwi?

Dada hakuamini, akaenda nyuma ya kitanda, akamwita kwa jina la utotoni, kwanza taratibu, kisha kwa sauti iliyomleta muuguzi mbio, na marehemu akaendelea kumenya chungwa lake. Dada akalia pale pale.

Alifariki tarehe 3 Februari 2023, akiwa ameomba jambo hili lisomwe mbele yenu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mafundi wenzake wa karakana, na dada anasema bado ana swali kwa shemeji, kwa nini hata yeye alifichwa, lakini hilo wataliongea nyumbani, kwa sasa anamwomba atoke kwenye benchi la nyuma, aje akae na wafiwa, hapa pembeni yake.

Mdogo wetu, ujumbe wako tumeufikisha, sasa pumzika kwa amani.