Mzee Mloli na Redio ya Bibi Evarista

Tarehe 30 Juni, Mzee Sostenes Mloli anavua koti lake la kazi baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya redio hapa Chang'ombe. Kukaa hakuwezi. Hata chai anakunywa akitembea.

Alianza kwa kusuka nyaya za mota za mashine za kusaga, akahamia kwenye redio za zamani, zile zenye taa za kioo ndani. Wateja wamemfuata kutoka Kongwa hadi Kondoa. Nilipokuja kuomba kazi na mtoto mgongoni, hakuniuliza cheti. Aliuliza kama mtoto ameanza kutambaa. Kesho yake nyaya zote za sakafuni zilikuwa zimepanda ukutani.

Kazi yake ya mwisho imetukosesha raha sote. Bibi Evarista wa Hombolo ana redio ya Marekani aliyoachiwa na marehemu mumewe. Inataka volti 110, na ukutani kwetu ni 230. Ukiichomeka hivi hivi unaiunguza. Transfoma yake ya kupunguza umeme ilipotea wakati wa kuhama, na tangu hapo redio imekuwa ya kuwekea vitambaa. Bibi alimwambia Mzee waziwazi kwamba yeye akiondoka kazini, hiyo redio ndiyo basi tena. Mzee akaahidi kuimaliza kabla hajastaafu.

Akapima umeme wa ukutani asubuhi, mchana na jioni, maana wa kwetu unapanda na kushuka. Akasuka transfoma mpya kwa mkono. Kisha ikaja desturi yake: kitu cha zamani hakipewi umeme moja kwa moja, unapitishwa kwanza kwenye balbu. Ikiwaka hafifu, salama. Ikiwaka kali, kuna shoti.

Ikawaka kali. Redio kimya.

Mzee akatoka nje, akarudi, akatoka tena, kisha akaanza kuifumua kazi yake mwenyewe. Alikuwa amefika nusu alipoishika ile balbu aisogeze pembeni. Ya baridi, wakati balbu yake ya siku zote huunguza vidole! Kumbe Uwesu, fundi mwenzetu, alikuwa ameweka balbu mpya za kubana matumizi ili kupunguza joto chumbani. Hizo huwaka vizuri kwa umeme kidogo tu, shoti iwepo isiwepo. Mzee alimwuliza Uwesu, kwa upole wa kutisha, kama kesho atatuletea na tochi. Tangu siku hiyo Uwesu anaitwa Bwana Mwanga, na anaitika.

Transfoma ikasukwa upya. Jana Bibi alikuja. Mzee akasema Mama Ikram, yaani mimi, nichomeke, naye akafunga mikono nyuma. Balbu ya zamani ikawaka hafifu. Lakini redio hizi huchelewa, lazima taa zake zipate joto kwanza, na kusubiri Mzee hajui. Akatoka kuzunguka uani.

Ilipoanza kuimba ilikuwa kwaya, yenye mikwaruzo. Bibi Evarista alikunja kitambaa chake polepole. Mzee akachungulia dirishani kuuliza kama transfoma inachemka. Nikaigusa kama alivyonifundisha. Nikamjibu ni vuguvugu tu, nikamwomba aingie akae.

Akaingia. Akakaa.

Asante, Mzee wetu. Balbu yako tumeifungia kabatini, mbali na Bwana Mwanga. Kapumzike ukiweza, ukishindwa, kiti kile ni chako. Mungu akupe siku njema na nyingi.