Peninah Gakii, Aliyempa Sauti Mtu wa Kushonwa

Marehemu Peninah Gakii alizaliwa mwaka wa 1991. Hapana, sivyo. Hiyo 1991 iliyo kwenye jalada la karatasi hii ni kosa langu, na nilipoligundua, duka la uchapishaji la mtaa wa Najma, hapa Doha, lilikuwa limeshalichapisha. Mama yake, ambaye ni dada yangu, amenikumbusha kwa simu kwamba alijifungua siku mbili kabla ya ile kura ya vyama vingi, na mkunga alinung'unika usiku kucha kwamba atakosa foleni. Kwa hiyo ni tarehe 27 Desemba 1992, karibu na Nkubu, Meru. Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu.

Alisoma hapo hapo Nkubu, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2006 na wa kidato cha nne 2010. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Sokoni palikuwa na banda la video la mabati, na watoto wasio na kiingilio walikaa nje. Gakii alibandika sikio kwenye mabati, akisikia muziki na mayowe tu, kisha akawageukia wenzake na kuwasimulia picha ambayo hata yeye hakuiona. Siku moja mwenye banda alitoka kumfukuza, akabaki amesimama mpaka hadithi ikaisha. Akamwambia, "Yako ni tamu kuliko yangu."

Mwaka wa 2014 aliolewa na Paul Mutwiri, fundi wa pikipiki, kijana mpole. Tarehe 3 Juni 2015 walijaliwa mtoto, Fiona. Paul alifariki katika ajali Februari iliyofuata. Mwezi wa Agosti 2016 Gakii alimwachia mama yake mtoto wa miezi kumi na minne, akaja Doha kuwa mlinzi. Mimi ndiye niliyempokea uwanja wa ndege. Hakulia. Alikuwa amejifunga shingoni kishali cha mtoto, na joto la Agosti ya hapa mnalijua.

Miaka tisa alisimama mlangoni mwa maduka, Al Sadd, saa kumi na mbili kwa siku, na wenye kupotea aliwaelekeza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. Nyumbani alikwenda likizo mara mbili, 2019 na 2023. Mara zote mbili Fiona alimwita Anti. Mama, kwa Fiona, ni bibi yake. Sisemi hili kumlaumu mtoto. Mtoto humwita mama yule anayemwogesha. Gakii naye hakumlazimisha. Lakini aliporudi huku mara ya pili aliniambia garini, "Mjomba, nataka kitu kimoja tu. Aniite mama bila kuambiwa na mtu."

Mwaka huo alinunua kompyuta kuukuu, na ndani yake kulikuwa na picha moja tu ya sinema, ya zamani sana, nyeusi na nyeupe. Ni ile ya daktari anayeshona mtu kwa vipande vya maiti, akamwamsha kwa radi, kisha akamwona alivyo, akamkimbia. Yule mtu hasemi neno, ananguruma tu. Siku za Ijumaa, watu wakitoka ibada zao, walikusanyika sebuleni kwa Terry, yule anayetupikia chapati, shuka likatundikwa ukutani, na Gakii akashika maiki kuisimulia.

Mwanzoni walicheka. Yule mtu akiamka, Gakii alimsemea: "Niaje, daktari. Yaani umeniamsha na hata chai hakuna?"

"Cheki anavyotembea," Jebet, aliyeishi naye chumba kimoja, alisema. "Si huyo ni supervisor wetu?"

"Banange, hilo zimwi lipeni hata sweta," Shamira wa Kampala aliitikia.

"Si zimwi, Shamira. Ni mtu," Gakii alimjibu.

Daktari akishakimbia, sauti ya Gakii ilishuka. "Umenishonea mikono," alimsemea yule mtu, "sasa nimshike nani?" Hapo vicheko viliisha, kwa maana wengi waliokaa pale wana watoto nyumbani.

Mwisho wa picha watu wanakuja na mienge kumchoma. Gakii hakuifikisha huko hata siku moja. Aliisimamisha picha uso wa yule mtu ukiwa umeelekea mlangoni, akagonga ukuta mara tatu, akasema kwa sauti ya daktari: "Ni mimi. Nilienda mbali kutafuta. Nimerudi." Kisha akasema, "Yule mtu akafungua mlango, akamtazama, akamwita..." Akazima maiki.

"Alimwitaje? Gakii, usitufanyie hivyo!"

"Chapati zinapoa. Kesho shift ni saa kumi na moja."

Ilikuwa hivyo kila mara, miaka miwili.

Mwezi wa Agosti mwaka huu wa 2025 miguu ilianza kuvimba. Akasema ni kusimama. Tarehe 9 Septemba alilazwa, na madaktari wakasema ni figo. Tiketi ya kurudi nyumbani kabisa ilikuwa ya tarehe 12 Desemba. Aliiweka chini ya mto. Siku moja nilimuuliza, nikitaka acheke kidogo, yule mtu alimwitaje daktari. Akaomba maji. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba, saa tatu asubuhi, Jebet akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka thelathini na miwili.

Ameacha mama yake, Gladys. Kaka mmoja na dada mmoja. Mimi mjomba wake. Wenzake wa Al Sadd na wa sebule ya Terry. Na mtoto, Fiona. Atazikwa Nkubu, kando ya Paul. Apumzike sasa, Gakii wetu, amesimama vya kutosha.

Nimewauliza Jebet, Shamira na Terry. Hakuna aliyewahi kuambiwa neno lile la mwisho. Karatasi hii itasafiri pamoja na sanduku, na Fiona anajua kusoma. Simwambii aseme nini. Nauliza tu, kama nilivyomuuliza mama yake: yule mtu, alipofungua mlango akamwona amerudi, alimwitaje?