Tupokigwe Aliyemnywesha Maji Baba Mkwe Wake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mwenye jiko la mkaa na alilete karibu na redio, maana baridi ya Iringa jioni hii haina adabu. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake Tupokigwe. Alizaliwa milimani Rungwe, upande wa Mbeya, akafia hapa Mlandege, mjini Iringa. Tumemzika Jumamosi iliyopita. Wengi wenu hamkulijua jina lake. Mlimwita Mama Togwa.

Nimeletewa tangazo na ukoo wa mumewe. Limepigwa chapa vizuri, na juu yake kuna msalaba. Linasema hivi: "Tumempoteza mama yetu mpendwa, nguzo ya ukoo, aliyeenziwa na wote." Nililisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikalisoma tena. Aliyeenziwa na wote! Wasikilizaji wapendwa, wako watu wenye uso mkavu kuliko ngozi ya ngoma. Tangazo hilo halitaendelea zaidi ya hapo katika kipindi hiki. Badala yake nitawasimulia alivyoenziwa.

Turudi mwaka 1953. Nje kidogo ya Tukuyu, kwenye migomba na kahawa. Tupokigwe alikuwa mke kijana, ana mtoto mmoja wa kike, Tusekile, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mumewe aliitwa Gideoni. Gideoni alikuwa mtu wa koti. Sisemi alikuwa na koti. Nasema alikuwa mtu wa koti, kwa sababu ukilivua koti lile, ndani hukuti kitu cha kusalimia.

Kaka yake Gideoni aliitwa Sedekia. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti nzito na shingo nzito vilevile. Jumapili moja alisimama mbele ya waumini akasema desturi ya wakwe kukwepana ni giza, na Mkristo lazima atoke gizani. Waumini wakaitikia amina. Kumbukeni neno hilo la Sedekia, maana yeye mwenyewe hakulikumbuka.

Kwa msioijua desturi yenyewe, ni hivi. Mke hamtazami baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hasemi naye, haingii alimo. Wakikutana njiani, mwanamke huacha njia, huinama migombani, hujifunika kanga mpaka mzee apite. Na mzee mwenye utu hukohoa kabla hajafika kwenye kona, ili mkwe wake apate nafasi ya kujificha bila kuaibika. Msicheke. Ilikuwa heshima, na heshima ile ilikuwa ya pande zote mbili.

Baba yao Gideoni na Sedekia aliitwa Mzee Asukile. Alikuwa na kikohozi chake: viwili vifupi, kisha kimoja kirefu kama mtu anayefungua lango. Tupokigwe alikijua kikohozi kile kuliko alivyoijua sura ya mzee, kwa sababu sura hakuwahi kuiona. Mwanawe Tusekile aliniambia: "Mama alikuwa akisema, Babu nilimjua kwa masikio."

Mwaka huo huo wa 1953, mvua zikiwa zimepamba moto, Mzee Asukile akashikwa na kichomi. Mbavu zikambana, homa ikapanda. Alilazwa kwenye nyumba yake ya mianzi, juu kidogo ya nyumba ya Gideoni. Na wiki hiyo hiyo palikuwa na harusi kubwa kule Mbeya mjini. Tajiri mmoja wa kahawa alikuwa anaoza binti. Patachinjwa ng'ombe. Na, kubwa kuliko ng'ombe, patakuwa na mpiga picha.

Asubuhi Gideoni alikuwa mbele ya kioo anafunga tai.

"Na baba?" Tupokigwe akauliza.

"Baba amelala. Amepata nafuu."

"Akiita je?"

"Mwite jirani."

"Majirani wote wanakwenda harusini."

"Ee mwanamke," Gideoni akasema, bado anajitazama, "maneno yako ni kama mvua ya Machi, hayana mahali pa kukatikia." Akavaa koti, akatoka. Sedekia alikuwa anamsubiri barabarani pamoja na mkewe na wengine wote wa boma lile. Wakapanda lori, wakaimba nyimbo za dini njia nzima. Walimwacha mgonjwa wa kichomi na mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye pekee katika dunia nzima ambaye haruhusiwi kumkaribia. Huo ndio ukoo ulionitumia tangazo lenye msalaba.

Adhuhuri Tupokigwe akasikia kikohozi. Viwili vifupi. Akangoja kile kirefu. Hakikuja. Badala yake akasikia sauti nyembamba: "Maji."

Akakimbia barabarani akapiga kelele. Hapakuwa na mtu. Akarudi, akachota maji kwa kibuyu, akakiweka mlangoni, akakisukuma ndani kwa fimbo, yeye mwenyewe amegeukia migombani. Akagonga ukuta ili mzee ajue. Akasikia mkono ukipapasa sakafuni. Haukufika. Akasikia kibuyu kikipinduka. Kisha tena: "Maji."

Akachota mengine. Safari hii aliingia. Lakini sikilizeni alivyoingia. Aliingia kinyumenyume, kanga imemfunika uso, anapapasa kwa kisigino kama mtu anayevuka mto. Nusura akanyage moto. Akanyoosha mkono nyuma kwa kukisia, na maji yote yakamwagika kifuani kwa mgonjwa. Mzee akashtuka, akatetemeka. Kichomi na maji baridi!

Pale ndipo Tupokigwe alipoelewa jambo ambalo shule nyingi hazifundishi. Hakuna mtu anayeweza kumnywesha mgonjwa kwa kisogo. Akasimama kidogo. Tusekile alikuwa analia kule nyumba ya chini. Tupokigwe akaivuta kanga kutoka usoni, akageuka.

Akamwona. Kizee chembamba, midomo imepasuka, ndevu zimelowa. Akamwinua kichwa, akampakata, akamnywesha kidogo kidogo. Akamvua nguo mbichi, akamfunika blanketi. Akachochea moto, akampikia uji mwepesi, akaenda kumchukua mtoto wake, akarudi kuketi. Alikaa pale mpaka jioni.

Jioni wenye harusi wakarudi wananuka nyama. Gideoni akafungua mlango, akakuta kichwa cha baba yake kiko magotini pa mke wake. Baba yake anapumua. Je, Gideoni alisema nini? Alisema, baba yu hai? Hapana. Alisema, Mungu asifiwe? Hapana. Neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Umemtazama baba usoni?"

Wasikilizaji wapendwa, nimesoma masomo ya jioni kwa taa ya chemli, nimesoma vitabu vya watu wengi, na sijaona mahali popote swali la kipumbavu kuliko hilo.

Kesho yake ukoo ukakutana. Unadhani walikutana kujiuliza kwa nini walimwacha baba yao peke yake? Wangeanzia wapi! Watu wa bonde zima walikuwa wameanza kunong'ona: wana wa Asukile walikwenda kupigwa picha, baba yao anakata roho. Basi njia ya kuficha aibu yako ni kumvisha mwingine. Sedekia, yule yule wa kutoka gizani, sasa alisimama akaitetea desturi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mkwe amevunja mila ya wazee wetu," akasema. "Hatutaki ugomvi. Aseme tu mbele ya watu kwamba amekosa. Baba yake alete ng'ombe wa utakaso. Yaishe."

Gideoni akamsogelea mkewe. "Sema, mama Tusekile. Ni neno moja tu."

"Neno gani?"

"Kwamba umekosa."

"Nikisema nimekosa kuingia," Tupokigwe akajibu, "basi nilitakiwa nimwache afe. Nani kati yenu anataka niseme hivyo?"

Mmoja akakohoa, na kikohozi chake hakikuwa cha heshima.

"Basi ondoka," Sedekia akasema. "Mtoto ni wa ukoo. Anabaki."

Mzee Asukile alikuwa ndani, hajiwezi, sauti haijarudi. Shahidi pekee hakuweza kufungua kinywa. Kwa hiyo ilibaki kwa Tupokigwe mwenyewe. Neno moja, anabaki na mtoto wake. Bila neno hilo, anakwenda peke yake. Hakulisema. Tusekile alisimama mlangoni ameshika fremu, hajui kinachoendelea, na mama yake akashuka mteremko bila kugeuka. Baadaye alimwambia binti yake: "Ningegeuka, ningelisema."

Kwao hawakumpokea. Baba yake aliwaza ng'ombe wa mahari aliokwisha kuwala, akamwambia arudi akaombe radhi. Huyo naye tumwache hapo alipo. Tupokigwe akaenda Iringa kwa mjomba wake, fundi mwashi, na mjomba akamtafutia chumba hapa Mlandege kwa mama mmoja wa Kihehe, Mkatoliki, jina lake Paskalina.

Paskalina aliuza ulanzi, pombe ya mianzi. Alimtazama mpangaji wake, Mmoraviani asiyegusa pombe, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Ulanzi hutaki. Sasa wewe utauza nini hapa mjini, zaburi?"

"Nitauza togwa."

"Togwa! Kinywaji cha wasio na meno!"

Lakini madereva wa malori waliipenda, maana waliinywa na bado wakaiona barabara. Sisi tuliokuwa tukisoma jioni tuliinywa kabla ya somo la hesabu. Alikuwa mpole, msafi, na hakucheka kwa urahisi. Mtoto yeyote wa kike aliyepita na mama yake alipewa kikombe bure. Hatukuuliza kwa nini. Tulikuwa vijana, tulifikiri ni biashara.

Kule Tukuyu Mzee Asukile akapona. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Yuko wapi aliyeninywesha?" Wanawe wakamwambia alivunja mila. Mzee akasema, "Mkamlete." Wakasema, kesho. Kesho ikawa baada ya kuchuma kahawa. Kahawa ikachumwa, ikawa baada ya Krismasi. Krismasi ikapita. Mimi nimewahi kuona mbwa mvivu, lakini mbwa mvivu hasemi kesho. Ndipo mzee alipochukua fimbo yake, akamshika mjukuu mkono, akapanda basi la shirika la reli kuja Iringa.

Ilikuwa 1954, kiangazi, vumbi. Tupokigwe alikuwa uani anakoroga togwa. Kwenye kona ya nyumba akasikia: viwili vifupi, kisha kimoja kirefu.

Mwiko ukamtoka mkononi. Akajitupa nyuma ya mlango, akajifunika kanga. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Mwanamke aliyefukuzwa kwa kuvunja mila ndiye aliyekuwa bado anaishika, mbali na kwao, bila shahidi.

"Kulikoni?" Paskalina akauliza. "Umeona askari wa pombe?"

"Baba mkwe!"

"Mimi naona kibabu na katoto."

Mzee akafika. "Kamwene, mama," akasema, maana alikuwa mtu wa adabu na salamu ya Kihehe alijifunza ndani ya basi. "Mkwe wangu anakaa hapa?"

"Yuko nyuma ya mlango, amenizibia njia."

Mzee Asukile akauelekea mlango. "Mwanangu, siku ile uliingia kwa kisogo. Nilikuwa nakuona. Nikasema, huyu atanipeleka kwa Mungu nimelowa."

Nyuma ya mlango kukasikika kitu, kicheko au kilio, Paskalina hakujua.

"Vumbi lote la Makambako liko kooni mwangu," mzee akaendelea. "Nina kiu. Nipe maji. Na usinipe kwa kisogo."

Tupokigwe akatoka, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akapiga goti, akaifungua kanga, akamtazama. Mzee akanywa yote, akafuta ndevu, akasema, "Ndaga fijo." Ndiyo asante sana ya kwao.

Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya mguu wa babu yake. "Babu, huyu nani?"

"Huyu ndiye mama yako. Wale wengine walikuwa harusini." Kisha akamgeukia mkwe wake: "Ng'ombe wa mahari nilitoa mimi, kwa hiyo mtoto namtoa mimi. Atakayeuliza, aje aniulize."

Hakuna aliyemwuliza. Wangethubutu?

Miaka mitatu baadaye, mzee akiwa amekwisha kufa, Gideoni alikuja Mlandege, na koti. Akaketi kwenye benchi akasema amemsamehe mkewe. Tupokigwe akamtilia togwa, akangoja amalize.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Haya, wahi. Gari la Mbeya halijaondoka."

Hivyo ndivyo alivyoishi Tupokigwe. Alimlea Tusekile kwa togwa, akamsomesha, akamwoza kwa Crispin, kijana wa Kihehe. Mwezi uliopita, mama akiwa hajiwezi kitandani na Tusekile ameenda sokoni, aliomba maji. Crispin aliingia na kikombe. Mama mkwe akanyanyua mkono kutafuta kanga ajifunike, maana kwao mama naye hukwepana na mume wa binti yake. Crispin akasema, "Mama, kwenye nyumba hii hatunyweshi kwa kisogo." Mkono ukashuka. Akanywa.

Wasikilizaji wapendwa, kabla hatujaagana, jiulize jambo moja. Mzee wako yuko wapi sasa hivi, na nani amebaki naye? Kama jibu linaanza na "nilimwambia jirani," zima redio uende.

Tusekile, na wewe Crispin, pokeeni pole zetu kutoka Mbeya mpaka Iringa, pole za watu wote waliokunywa kwa mkono wa mama yenu. Mungu amlaze pema.

Na ninyi wana wa Sedekia na wa Gideoni, wenye tangazo, niliwaona Jumamosi makaburini, mmesimama mstari wa mbele karibu na mpiga picha. Pole zenu nazo zipo. Nimeziweka mlangoni, nikazisukuma ndani kwa fimbo. Mkono ukifika, chukueni.