Mama Taipu, Aliyekataa Kumwandika Mama Kuwa Mwanamume

Jirani wa nyumba ya pili amekuwa akinong'ona, hata jana hapa msibani, kwamba marehemu alifukuzwa kwa wakili kwa kuiba karatasi za ofisi. Uongo huo na uzikwe peke yake, si pamoja na marehemu.

Mama Taipu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa tatu wa mfua vyuma. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, akasomea uchapaji wa mashine, yaani taipu, mwaka mmoja. Mwaka 1979 aliolewa na fundi saa, mtu mpole, aliyemtangulia mwaka 2003. Fundi alizoea kumtania: "Mke wangu, hata ukinishika mkono unanichapia barua!"

Kuanzia 1980 alichapa nyaraka za Kiingereza kwa wakili. Sisi tuna "yeye" mmoja kwa wote. Kiingereza kinakutaka uchague, "he" wa kiume au "she" wa kike. Pale ofisini hapakuwa na kuchagua. Palikuwa na fomu kuukuu alizoacha baba wa wakili, na kila mteja alipachikwa humo kama mwanamume. Mama Taipu yeye hakuchapa kitu mpaka amwone anayeandikwa.

Tarehe 12 Februari 2008 alikuja mjane, mshonaji. Shemeji zake walitaka kumnyang'anya watoto, naye aliomba mahakama imtambue kuwa mlezi wao. Wakili akatoa fomu zilezile. "He" kurasa nne.

"Bosi, huyu ni mama yao."

"He inabeba wote, mama. Wewe chapa."

"Inambeba wapi, mbona haonekani? Shemeji zake ndio watakaojiona humu."

"Nani amekuajiri ufikiri?"

Akachapa "she" kurasa zote. Wakili akazichana mbele ya mjane. Akachapa tena; zikachanwa. Alipomaliza kuchapa mara ya tatu, akaambiwa aache funguo za kabati aende zake. Mjane akazichukua zile kurasa za mara ya tatu kando ya mashine, akatia sahihi, akazipeleka mahakamani kwa miguu yake. Hizo ndizo karatasi "zilizoibwa". Watoto walibaki kwa mama yao, na leo wamebeba jeneza hili.

Wakili, aliyeketi mstari wa mbele, anayajua yote haya. Miaka kumi na sita amenyamaza, huku jina la mtu likitafunwa mtaani.

Marehemu aliugua figo tangu Oktoba 2023. Alifariki tarehe 3 Mei 2024, saa mbili asubuhi, wodi ya wanawake. Ameacha dada mmoja, watoto watatu na wajukuu watano, mmoja bado ananyonya. Mungu amlaze mahali ambapo hatabishana tena na mtu.

Jumanne iliyotangulia alimshika mkono mwanawe wa mwisho, aliyeishia darasa la saba, ndiye anayewasomea hapa.

"Wasifu wangu utausoma wewe, si hao wasomi. Na usianze kwa kulia, mwanangu. Sema kwanza kilichonitoa kazini. Halafu ulie."